Brasleti Iliyohesabu Sombe

Wapenzi, mi sikuja kujisifu. Nimekuja kuungama, na hasira ninayo bado, mnivumilie.

Mnajua nilivunjika paja. Plasta ilipotoka, kine, yule mama anayetunyoosha viungo, alinifunga brasleti nyeusi mkononi. "Hii itahesabu hatua zako. Usipotembea, mguu utakakamaa."

Ndugu zangu, nilitembea! Kila asubuhi kutoka mtaani kwetu Ngagara mpaka sokoni, beseni la mboga kichwani, mkono juu nimelishika, paja linawaka moto. Mwisho wa wiki kine akatazama simu yake. "Mama, we unakaa tu nyumbani." Mi? Nakaa? Nikasema apana, natembea. Akasema mashine haidanganyi. Nilirudi nalia njiani. Mnacheka? Chekeni, si nyinyi mlioitwa wavivu.

Jumamosi moja nikapata wageni, nikaketi kwenye kigoda kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, mpaka bega likauma. Jumatatu kine akapiga makofi: "Bravo, mama! Jumamosi ulitembea sana!"

Nilitaka kusema ukweli. Mdomo ukakataa. Tangu nivunjike hakuna aliyeniambia bravo.

Basi nikawa mtwangaji. Majirani wakaleta majani yao, nami kutwa nzima kwenye kigoda, brasleti inahesabu, kine anafurahi. Sokoni nikaacha kwenda. Wifi yangu ninayeishi naye akaniuliza, "We unamdanganya nani? Mguu ni wake au ni wako?" Nikamtukana. Ndiyo, nilimtukana, na yuko hapa anasikia.

Siku ya kuagana kine akasema nipande ngazi tatu za mlangoni kwake aone. Ngazi tatu tu! Ya kwanza nikaweza. Ya pili, goti likagoma kukunjika. Nikashika ukuta, nikalia mbele ya wagonjwa wote.

"Ni sombe," nikamwambia. "Sikutembea. Nilikuwa natwanga sombe. Na nilipotembea kweli na beseni langu, hukuniamini."

Hakunifukuza. Akaomba beseni, akatia maji, akajitwika, akavaa brasleti yangu, akazunguka uani mkono juu. Akatazama simu. Haikuhesabu hata hatua moja, maana mkono haukucheza. "Mama, nisamehe. Ulikuwa unatembea." Akanifunga ile kitu kwenye kifundo cha mguu, tukaanza upya. Miezi minne, jamani! Inaniuma mpaka leo, maana angeniuliza tu mkono wangu unakuwa wapi, na mi ningefungua mdomo, tusingeipoteza.

Namshukuru kine, aliyekubali kosa lake mbele ya watu. Wifi, nisamehe, ulisema kweli. Leo napanda ngazi zile, polepole, lakini napanda.

Na nyinyi mnaofungwa brasleti wiki hii, nawaambia: ukisifiwa kwa kitu ambacho hukufanya, sema palepale, hata kama sauti inatetemeka. Mi nilipenda bravo kuliko mguu wangu.