Sala ya Kingori

Kwenye foleni ya abiria wa magari ya Kangema, pale Nyeri, watu hawakuwa wanasonga. Maneno ndiyo yalisonga. Wanawake wawili mbele ya Murugi hawakugeuka kuona nani yuko nyuma yao.

"Huyo Ngugi alipotea, mama yake humwombea kila Jumapili, ati Mungu amrudishe. Sasa juzi ndugu yake Kingori akasimama kanisani, akamwombea pamoja na marehemu!"

"Pengine amechoka kungoja."

"Sisi wote tumechoka. Lakini mwili hatujaona, na polisi hawajui kitu. Yeye aliambiwa na nani?"

"Wewe nawe! Ulimi uliteleza tu."

"Uteleze mpaka kwa 'apumzike kwa amani'?"

Murugi aliinamisha kichwa. Yeye, mke wa Ngugi, Jumapili hiyo aliitikia "Amina" kabla hajajua anaitikia nini.

Gari likaingia. Kingori, aliyekuwa ameenda kununua maji, akaja mbio, mkono mbele. "Leta mfuko nikushikie, shemeji."

Siku zote humwachia. Leo aliukumbatia kwa mikono miwili, akapanda, akawaomba wale wanawake wasogee, akaketi katikati yao.