Miaka Thelathini na Moja ya Kufunza Walimu Kuuliza Kwanza

Na Nyanya Jepkemei, mpishi wa kituo

Walimu wakuu mliopewa viti vya mbele, msijisumbue kupiga makofi. Mwalimu Celestine Nakhumicha anastaafu leo, tarehe 28 Novemba, baada ya kufunza walimu miaka thelathini na moja katika kituo chetu hapa Rongai, na hakuna hata mmoja wenu aliyeleta mtu wa kushika kazi yake. Aibu ni yenu, si yake.

Mimi shule niliachia darasa la nne, lakini kazi ya Celestine naielewa kuliko wengine wenye vyeti. Alifunza walimu kwamba mtoto akihudumia kijiji chake, somo liwe humo humo. Akipima maji ya kisima, hiyo ni hesabu. Halafu aketi aandike ameelewa nini. Akifagia tu, hayo si masomo. Huko ni kufagia.

Mwaka wa 2009 alipeleka walimu arobaini karibu na Gilgil kupanda miti. Kwa haraka yao hawakuuliza mtu, wakapanda miche mia mbili katikati ya njia ya ng'ombe. Kesho yake ng'ombe wa mzee Kipngeno wakapita wakaimaliza yote. Mzee akawaambia, "Asanteni kwa majani, walimu. Sasa chumvi ya kulamba ng'ombe mtaleta lini?"

Celestine alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akawarudisha wote, na viatu vyao vya semina, wakaombe msamaha na kuuliza kile walichopaswa kuuliza mwanzo: hapa mnahitaji nini? Mzee akawaonyesha korongo lililokuwa likila njia ya watoto kwenda shule. Darasa la saba wa shule hiyo wakalipima kwa kamba kila wiki, muhula mzima, wakachora grafu, wakapanda mkonge kando yake. Korongo likatulia. Hata wale waliokuwa wakishika mkia katika hesabu wakajua mita ni nini, kwa sababu walikuwa wameikanyaga.

Ningependa kuwaambia mengine kama hayo. Hayako.

Mwaka huu Celestine alizungukia shule za walimu aliowafunza, nami nikamsindikiza. Shule moja tulikuta watoto wanavuna maharagwe ya mwalimu mkuu, na kwenye daftari imeandikwa huduma kwa jamii. Jamii gani, tumbo lake? Nyingine wanafagia soko kama adhabu ya kuchelewa. Na kule Gilgil mkonge umekatwa, korongo limefika ukutani mwa choo cha wasichana, na mwalimu wa hesabu anachora mita ubaoni huku dirisha lake linaangalia korongo lenyewe. Nilimmiminia Celestine chai akaiacha ikapoa, na mimi sijawahi kuachiwa kikombe naye.

Semina ya Agosti waliitwa arobaini. Wakaja sita. Watatu wakaenda Kikopey kula nyama wakati wa chakula cha mchana, mpaka leo nawangoja. Hao watatu waliobaki aliwafunza kama ni arobaini, mpaka saa kumi na moja jioni. Januari chumba chake kitawekwa viti vilivyovunjika.

Celestine, mdogo wangu, asante. Nenda nyumbani Chwele uangalie ndizi zako, ulale mpaka jua likuchome miguu, na Mungu akuzidishie miaka. Wewe umefanya kazi. Sisi ndio hatukufanya.

Nanyi walimu wakuu, sikieni. Kabla hajaenda Chwele, amekubali kukaa hapa mpaka wiki ya Krismasi na mwalimu mmoja, amwachie kila anachojua. Mmoja tu. Kabla hamjatoka kwa hilo lango, andikeni jina lake na namba yake ya simu, mmpe Celestine mkononi. Na msimletee yule mliyemchoka. Toeni yule mnayeogopa kumpoteza.