Nahodha na Samaki wa Kwenye Gati

Pale mtaa wa La Rochelle, si mbali na Soweto, kwenye kona ambako spaza, kiduka cha mtaani, inatazamana na saluni, kuna benchi ambalo halipoi. Limeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya Fabiani, na mkewe, Melania, huuza kahawa ya tangawizi kupitia dirisha lililo juu yake, kwa hiyo kila upuuzi unaosemwa chini unamfikia ukiwa wa moto. Wenyewe wanaliita Bunge. Sheria hazipitishwi hapo, lakini hakuna jambo la dunia hii ambalo halijapatiwa ufumbuzi, kuanzia umeme kukatika hadi ile robot, taa ya magari ya kona ya pili, isiyojua kuwaka kijani. Jumamosi ile hoja mezani ilikuwa moja tu, nayo ni samaki.

Fabiani ni fundi cherehani, ila bungeni anaitwa Nahodha, maana alizaliwa kisiwani Ukerewe na hajampa mtu nafasi ya kulisahau hilo. Siku Thabo alipokuja kujitambulisha kwamba anamtaka Eva, binti wa Fabiani, Nahodha alijiona mdogo. Kijana mwenyewe mpole, ana kazi, ana ukoo mkubwa Soweto, na Fabiani akawaza kwamba huko kwao watasema tu Eva ni mtoto wa makwerekwere, wageni wa kuja. Basi mdomo ukamtoka. Akamwambia Thabo kwamba wazee wakija kuposa, watakula sato aliowavua kwa mkono wake mwenyewe. Thabo akafurahi, akaenda akawaambia wazee wote.

Sasa hapo ndipo balaa lilipoanza. Kuna bwawa moja nje ya jiji ambako matajiri huweka boti zao, na sato wapo tele, wenyeji wanawaita kurper. Nahodha alikwenda huko wikiendi baada ya wikiendi, akasimama kwenye gati la mbao, akarusha ndoano, akarudi ameungua pua na ndoo kavu. Jana yake Melania alichoka kungoja, akaenda zake sokoni kwa Denise muuza samaki, akanunua. Hapo tunapozungumza, sato wa Denise walikuwa wanatokota kwenye nazi, harufu inatoka dirishani, na wakwe wako njiani. Kilichobaki ni Fabiani kukaa mezani na kuwadanganya watu wazima machoni.

Wajumbe wenzake waliona jambo hilo linahitaji uchunguzi. Upande huu alikaa Jacques wa Lubumbashi, mlinzi wa maduka, anayeitwa Komando. Upande ule Elisée wa Bukavu, msusi, anayeitwa Pasta kwa kuwa hawezi kukupunguza nywele bila kukuombea. Mwishoni mwa benchi alikuja kukaa bwana mmoja wa makamo, kavaa koti zuri, akawasalimia kwa Kizulu na kunyoosha kidole kuomba kahawa. Wakamwona ni mpita njia anayengoja teksi. Hawakumjali.

Komando ndiye aliyefungua mjadala. Kwa maelezo yake, tatizo ni zile boti. Mchana kutwa zinavuma, zinavuta watu kwa kamba, maji yanachafuka, na samaki naye ana masikio.

— Masamaki ya hapa inajuaka siku, Vieux, mzee wangu. Jumatatu mpaka Ijumaa iko kazini. Wikiendi inapiga off. Weye unaendaka wikiendi, utaikuta wapi?

Fabiani akauliza huko off wanakwenda wapi, na bwawa limezungukwa na ukuta. Komando akasema hilo ni la wakubwa wao kulijua, yeye anazungumzia zamu tu, na zamu anazifahamu.

Pasta akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema shida ni chambo. Wenye boti wanachoma nyama humo humo botini, wanakula robo, zinazobaki wanatupa. Samaki wa pale wamekulia boerewors, zile soseji ndefu za kuchoma, na saladi.

— Samaki alishakula nyama ya kuchoma, Papa Fabiani, weye unamupelekea munyoo wa La Rochelle. Atakuangalia tu.

— Sasa nimpelekee nini? Sosi?

— Sosi na maombi.

Melania akacheka huko dirishani, akamwaga kahawa kidogo. Mumewe hakucheka. Alikuwa anasikiliza kila gari linalopunguza mwendo.

Mjadala ukapanda ngazi. Komando akatoa hoja kwamba samaki wa nchi hii wananusa mgeni. Mzungu akitia ndoano wanakuja, Mzulu akitia wanakuja, akitia mtu ambaye karatasi zake zimekwisha muda wanazima taa. Pasta akaongeza kwamba inawezekana kabisa wako wanaokaa mlangoni mwa bwawa kukagua permit, na kwamba binamu yake wa Durban alivua siku ile ile aliyopata makaratasi. Fabiani akasema karatasi zake ni nzima. Wakamwambia samaki hawajaziona.

— Mimi naona aibu, Fabiani akasema ghafla, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Nyie mnacheka. Hawa watu wanakuja kwangu. Sina ng'ombe, sina ukoo hapa, sina hata kaka wa kunisemea. Nilitaka tu kiwepo kitu kimoja mezani cha kwetu, kilichotoka mkononi mwangu. Sasa nitawaambia uongo, na mwanangu ataolewa juu ya uongo wa samaki.

Komando akatazama kikombe chake. Pasta akafumba macho aanze kuombea. Ndipo yule bwana wa mwishoni mwa benchi alipoweka kikombe chini.

— Shikamoo, mzee, akasema, kwa Kiswahili cha Morogoro kilichonyooka. Samahani, nimewasikiliza muda mrefu. Naomba kuuliza. Ulipokuwa unarusha ndoano, ulikuwa umesimama wapi?

Benchi zima lilishtuka, maana walikuwa wamemwaga kila kitu mbele yake. Fabiani akaitikia marahaba kwa taabu.

— Kwenye gati, akajibu.

— Ukarusha mbali?

— Mbali sana. Kwetu anayevua karibu na nchi kavu ni mtoto anayetafuta furu, vile visamaki vya kuchezea. Mimi ni mtu mzima.

— Sawa. Na chini ya hilo gati, kwenye kivuli pale, kulikuwa na nini?

Komando alimtazama Pasta, Pasta alimtazama Melania, na Melania akainama dirishani asikie vizuri. Fabiani alikumbuka jua linavyochoma pale, na boti zinavyovuruga maji kila upande isipokuwa chini ya zile mbao. Akakumbuka nguzo zilizoota ukungu wa kijani, na ile sauti ndogo, chubwi, chubwi, chini ya viatu vyake, aliyodhani ni maji yanapiga mbao. Wikiendi zote hizo alikuwa anawarushia samaki ndoano juu ya vichwa vyao. Wala hakuinama hata mara moja.

Gari likasimama getini, wakashuka wazee watatu wenye kofia. Yule bwana akanyanyuka na kujikung'uta koti.

— Mimi ni Sipho, mjomba wa Thabo, akasema. Wazazi wangu walikuwa uhamishoni, nimezaliwa Tanzania. Leo nimekuja kuwasemea wakwe zako.

Akaenda kujiunga na wenzake, na Fabiani akabaki amekaa kama aliyepigwa msumari.

Mezani sato waliletwa wazima wazima, na mzee mkubwa wa upande wa Thabo, aliyekuwa amengojea kwa hamu, akauliza kitu kwa Kizulu akimtazama Fabiani. Sipho akatafsiri bila kutabasamu.

— Anauliza kama kweli umewavua mwenyewe.

Melania, mwiko mkononi, akatazama dari.

— Waambie sikuwavua, Fabiani akasema. Nilijaribu, nikashindwa. Hawa wamenunuliwa sokoni. Nilitaka wajue kwamba na sisi tuna kitu chetu, basi.

Sipho akawageukia wazee, akazungumza Kizulu cha haraka, kirefu kuliko maneno aliyopewa. Fabiani alidaka neno moja tu, uMgqibelo, yaani Jumamosi. Wazee wakaangua kicheko, wakapiga meza, na yule mkubwa akanyoosha mikono, akamshika Fabiani yake yote miwili.

— Amesemaje? Fabiani akamnong'oneza Eva.

Eva, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza, alikuwa anafuta machozi ya kucheka.

— Amesema ukweli, baba. Umenunua. Halafu amesema Jumamosi ijayo utawapeleka wote kule bwawani, uwaonyeshe watu wa Ukerewe wanavua aje. Sasa mzee anauliza kama watoto wanaweza kuja.

Kule dirishani, Komando na Pasta walikuwa wameshapenyeza vichwa, wanabishana nani atabeba sosi. Fabiani alitazama sahani, kisha viatu vyake chini ya meza.

— Waje, akasema. Hao ndio wanaojua kuangalia chini.