Nyumbani, Dukani, Kanisani: Maisha ya Ordell Gathright na Nyuzi Zake Tatu

Mchungaji, mashemasi, majirani, na ndugu mliotoka Memphis na kwingineko: tunayemsindikiza leo ni Bwana Ordell Lamar Gathright, baba yetu. Aliomba wasifu wake usizidi mahubiri kwa urefu. Mchungaji wetu tunamjua, kwa hiyo mimi Earlean, binti yake ninayewasomea, nafasi ninayo ya kutosha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1939, nje kidogo ya mji wa Como, Kaunti ya Panola, hapa Mississippi. Alikuwa mtoto wa pili wa Bwana Amzie Gathright na Bi. Icy Gathright. Dada yake Bi. Vesta, huyo aliyeketi mbele na kofia ya zambarau, ndiye aliyembeba mgongoni wazazi walipokuwa kwenye pamba. Bi. Vesta anasema mtoto huyu alikuwa na kilio cha sauti moja tu, hakipandi wala hakishuki, na kwamba alijua mapema kuwa muziki ataupata kwa jasho.

Alisoma Shule ya Mount Gilboa, kile chumba kilichokuwa nyuma ya kanisa hili, akamaliza darasa la nane mwaka 1953. Shule ilifunguliwa pamba ikishavunwa na kufungwa palizi ilipoanza, hivyo mengi alijifunzia nje. Alipigilia waya uliofungia ufagio kwenye ukuta wa banda la kuku, akausukumia chupa chini yake ukakazika, akawa anaupiga kutwa. Kuku wakaacha kutaga. Mama yake akatoka na kikapu kitupu akamwambia, "Ordell, chagua moja. Muziki au mayai." Akachagua muziki, lakini kwa kuwa mayai aliyapenda pia, ikabidi atafute chombo cha kubeba aende nacho mbali na kuku.

Ndipo akaomba dukani boksi tupu la mbao, kama yale ya sigara nene, akalipachika mti wa kiti kilichovunjika uwe shingo, akafunga nyuzi tatu. Watu wamempa sifa nyingi kwa hizo nyuzi tatu, kana kwamba alioteshwa. Yeye mwenyewe alisema alifunga tatu kwa sababu alipata tatu.

Hakufundishwa namna ya kuzikaza, akazikaza kwa namna iliyompendeza. Uzi mnene na uzi mwembamba ziliimba neno lilelile, mmoja chini na mwingine juu, na ule wa kati akauweka mahali ulipozipatanisha. Wapiga gitaa wa nyuzi sita walimcheka. Lakini gitaa lao, ukilipiga bila kubana kitu, linatoa kelele. La kwake lilitoa tayari sauti tatu zilizoelewana kwa pamoja, kile ambacho wanamuziki hukiita kodi, si ile ya serikali. Mtoto mchanga angeweza kuipiga. Tatizo la baba yetu ni kwamba kwa miaka saba hakupiga nyingine.

Alianza kazi ya pamba mwaka 1954, akaingia mtambo wa kuchambulia pamba mwaka 1961, na kuanzia 1970 hadi alipostaafu mwaka 2001 aliendesha basi la shule. Wengi wenu humu aliwabeba. Mnakumbuka kwamba hakugomba. Aliyeleta fujo alihamishiwa kiti cha nyuma ya dereva, akaimbiwa njia nzima, na hakuna aliyetaka kurudia.

Mwaka 1960, kwenye mlo wa samaki wa kanisa hili, alimsikia Bi. Mozelle Suggs akiimba. Jumapili iliyofuata alikuwa barazani kwa baba yake, Shemasi Suggs, boksi magotini. Mozelle akaanza wimbo. Ordell akapiga ile kodi yake moja, mwanzo hadi mwisho.

"Ordell," Mozelle akamwambia, "wimbo umeondoka, wewe umebaki."

"Mimi nimetulia tu."

"Umetulia? Umekwama!"

Shemasi Suggs alikuwa dirishani. Akasema, "Kijana, mwanaume asiyetoka nyumbani hawezi kulisha mke. Binti yangu humpati mpaka uniambie unakwenda wapi."

Mtu mwingine angeaga. Baba yetu alichukua maneno yale kama ramani. Alirudi kwao, akachoma waya motoni, akaanza kutafuta kwenye shingo ya boksi mahali wimbo unapokwenda. Jumapili baada ya Jumapili alikaa na Mozelle barazani, yeye akilaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote tatu na kukisogeza juu na chini, Mozelle akiimba na kumkanyaga mguu kila wimbo ulipohama. Viatu vya Ordell viliisha upande mmoja. Alipokipata kituo cha kwanza, pale ambapo gitaa la nyuzi sita lina alama ya tano, alikiunguza kwa waya na kukiita Dukani, kwa sababu si mbali. Alama ya saba aliitafuta mwaka mzima. Alipoipata, Mozelle aliacha kuimba, akamshika bega, akasema, "Hapohapo. Hapo ni kanisani." Na zile nyuzi zisizobanwa, alipoanzia, zikaitwa Nyumbani.

Hiyo ndiyo elimu yote ya kodi aliyokuwa nayo, na ndiyo aliyotufundisha. Nyumbani, dukani, nyumbani, kanisani, nyumbani. Kanuni yake ilikuwa moja. Dukani unaweza kupiga soga, lakini ukitoka kanisani usizubae njiani. Rudi nyumbani, watu wanakungoja.

Shemasi Suggs alisikiliza wimbo mzima kutoka dirishani, akasema, "Sasa huyu anatoka na anarudi." Wakafunga ndoa katika kanisa hili tarehe 9 Juni 1962. Mungu aliwajalia watoto wawili, mimi na Hosea.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hamkulijua. Gitaa la Baba halikuwahi kupatana na piano ya kanisa, na si kwa sababu alikuwa na sikio bovu. Alilikaza kwa sauti ya Mama. Asubuhi Mama aliimba neno moja akiwa jikoni, Baba akasogeza nyuzi hadi zilipomkuta. Alipokuwa na mimba yangu sauti yake ilishuka, Baba akalegeza. Uzee ulipoingia akalegeza tena. Hakuwahi kumwambia apandishe. Alisema mtu hamwiti mkewe amfuate kwenye gitaa, bali gitaa ndilo humfuata. Mama naye hakupenda mashine za kunasa sauti. Alisema anayetaka kumsikia aje, na chai ya barafu ipo.

Bi. Mozelle alifariki tarehe 3 Februari 2009. Baba hakugusa tena vigingi vya kukazia. Alizipiga nyuzi vilevile alivyoziacha Mama, na kwa namna hiyo tulikuwa naye bado barazani kila jioni.

Mwaka uliofuata moyo ulimsumbua, akalazwa. Ndugu Wardell Pruitt, mpiga piano wetu, mtu mwema kuliko wengi wetu, akataka kumfurahisha. Alilichukua boksi ukutani, akalifuta vumbi, akalikaza vizuri lipatane na piano, ili kwaya imkaribishe. Baba alirudi, akaketi, akalipiga mara moja.

"Nani kamhamisha Mozelle?" akauliza.

Ndugu Wardell alipoelewa alichofanya, alilia kabla ya Baba. Alianza kuja kila Jumamosi. Baba akishika boksi, Wardell alilegeza uzi kidogo kidogo.

"Hapa, Kaka Ordell?"

"Hapo ni dada yake."

"Na hapa?"

"Huyo simjui kabisa. Mtoe."

Walicheka, lakini tulimwona Baba akinyauka. Alisema kumzika Mama aliweza, kwa kuwa sauti yake alibaki nayo. Sasa hata akifumba macho aliisikia ile ya piano. Mwishowe alilitundika boksi ukutani, uso umegeukia ukuta, akaacha kukaa barazani. Mimi na Hosea tulianza kuogopa kwamba atamfuata kabla ya wakati.

Agosti 2012 tulikusanyika kwake, Ndugu Wardell akiwemo. Nilikuwa nakaanga kambale, watoto wamezagaa hadi kwenye mtaro. Nikafungua mlango wa wavu nikaita kama ninavyoita siku zote, "Njooni mleeee!" Nikasikia kiti kimeanguka ndani.

"Earlean! Rudia!"

"Nirudie nini, Baba?"

"Ulivyoita! Ita!"

"Njooni mleeee!"

"Usinyamaze! Wardell, lete boksi, mbio!"

"Baba, samaki wanaungua!"

"Waungue! Mama yako yupo hapo mlangoni!"

Nikaita. Nilisimama na mwiko mkononi nikiita watu ambao walishafika wote na kunikodolea macho, nikavuta pumzi nikaita tena, Ndugu Wardell akizungusha vigingi, Baba akiinamisha sikio kwenye boksi. Mimi siwezi kuimba. Kwaya ya kanisa hili iliniomba kwa adabu nikae kwenye viti vya waumini. Lakini ndivyo Mama alivyotuita kula, na mimi niliwaita wangu vilevile bila kujua nimebeba nini. Uzi mnene ukafika. Mwembamba ukafika. Wa kati ukazipatanisha. Baba akapiga Nyumbani, akalaza kidole, akaenda dukani, akaenda kanisani, akarudi, na machozi yakawa yanadondoka juu ya boksi.

Ndugu Wardell akasema, "Nisamehe, Kaka Ordell."

"Nilishakusamehe zamani," Baba akajibu. "Ila hao samaki walioungua ni wako." Na kweli alimlisha wote.

Tangu siku hiyo, nyuzi zikilegea kwa unyevu, Baba alinipigia simu nimwite. Wenzangu wa jikoni, kule shuleni ninakopika, walizoea kuniona nimeshika simu na kupaza, "Njoo uleeee!" Siwezi kuwaeleza furaha niliyokuwa nayo ya kumwita baba yangu kula akiwa maili kumi na mbili kutoka kwenye chakula.

Mwaka jana moyo wake ulianza kushindwa kabisa. Vidole vikakosa nguvu, akaamua nijifunze mimi. Nilikuwa mwanafunzi mzito. Dukani nilifika haraka, tabia yangu mnaijua. Kanisani nilifika, kisha nikawa nasitasita, natafuta mahali pa kurudisha mkono.

"Mwanangu, usiniache kanisani," aliniambia. "Ibada imeisha. Inua kidole tu. Nyumbani hapabanwi."

Alifariki nyumbani kwake Jumamosi tarehe 21 Oktoba 2017, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sabini na minane. Nilikuwa nimeketi kando ya kitanda nampigia. Nilitoka nyumbani, nikapita dukani, nikarudi, nikaenda kanisani. Kidole changu kikiwa kwenye alama ya saba, nilimtazama nikaona ameshaondoka. Nikaweka boksi chini. Wimbo wa mwisho aliousikia baba yangu sikuumaliza, na wiki nzima sikupata usingizi kwa sababu hiyo tu.

Marehemu ameacha dada, Bi. Vesta Gathright Boyce; watoto wawili, Earlean Gathright Tolliver na mumewe Rufus, na Hosea Gathright na mkewe Delphine wa Memphis; wajukuu watano; vitukuu wawili; rafiki yake Ndugu Wardell Pruitt, ambaye familia inaomba ahesabiwe ndugu; na abiria wote wa basi lake, waliotulia na wasiotulia. Aliyemtangulia ni mkewe Mozelle, na kaburi la Baba liko tayari upande wa kulia wa Mama, kama alivyokaa barazani.

Hatutamzika na boksi lake. Alisema udongo utalegeza nyuzi, na Mama hakupenda mambo yaliyolegea. Mvua ya wiki hii tayari imezilegeza. Kwa hiyo tukishafika pale kaburini, msishangae. Ndugu Wardell atashika vigingi, mimi nitamwita baba yangu aje kula, kwa sauti yote niliyojaliwa, hadi nyuzi zifike. Kisha nitalaza kidole kwenye alama ya saba, pale nilipomwacha, na nitakiinua.

Baba, ibada imeisha. Usizubae njiani, Mama anakungoja. Pumzika kwa amani, nyumbani.