Mhandisi Bethuel Cherutich na Mchezo Uliopewa Baba Mwingine

Ijumaa hii, tarehe 31 Agosti 2007, Mhandisi Bethuel Cherutich anastaafu baada ya miaka thelathini na sita katika karakana yetu ya Aston. Kampuni imetoa keki. Programu hii ya kumuaga tumeiandaa sisi wafanyakazi wenzake tunaozungumza Kiswahili, kwa hiyo itasema ambayo keki haisemi.

Alitoka Eldoret kuja kusomea umeme hapa Birmingham, akaajiriwa kutengeneza redio. Mwaka 1974, jioni baada ya kazi, aliunda mezani nyumbani kwake, mtaa wa Saltley, kisanduku cha mbao ambacho ukikiunganisha na televisheni, watu wawili wanarushiana mpira kwenye kioo. Meneja wa mauzo alikikataa mara mbili, akicheka kwamba televisheni ni ya kutazama, si ya kuchezea. Kilipokubaliwa hatimaye, ndicho kilichotulisha sote kwa miaka mingi.

Tuliomtembelea Jumapili tunajua alivyofanya kazi. Mgeni hakupewa chai kabla ya kucheza. Akiuliza tu kitufe kinazungushwaje, Mzee alijiona amefeli, na Jumatatu alikifungua kisanduku upya. Mkewe, Mama Magdalene, aliona haya kumkalisha mgeni bila kikombe. Mchungaji Barnabas hakuuliza kitu; alicheza mpaka akachelewa ibada ya jioni.

Sasa tuseme linalotuchoma. Mwezi Julai kampuni iliweka kabati la kioo pale mapokezi ili kuonyesha mchezo wake wa kwanza. Visanduku vyake ilishavitupa ilipohama jengo, basi ikamwomba Mzee kile cha nyumbani. Alikubali, mpaka alipokiona kibao cha shaba: mvumbuzi, kilisema, ni meneja yule yule wa mauzo.

Rosalie, fundi wetu wa nyaya, alipanda kwa mkurugenzi kuuliza. Alijibiwa kwamba kibao kimeshachongwa, na kwamba Bethuel ni mtu mpole, hatajali. Hatajali? Kwani mtu akiwa mpole ndiyo aporwe kazi ya mikono yake mchana kweupe? Tumekasirika, na hatumwombi mtu radhi.

Mzee alimtuliza Rosalie kwa sauti yake ya chini: "Mama, usigombane na watu. Hiyo box inakaa kwa nyumba mpaka waandike jina langu."

Mzee wetu, asante kwa kazi na kwa msimamo. Tunakuombea afya njema na miaka mingi ya kupumzika. Kabati bado liko mlangoni, taa zinawaka, ndani hamna kitu. Kila mgeni akiuliza mbona ni tupu, Manjit wa mapokezi humtajia jina lako.