Balozi Aliyekataa Kusoma Hotuba ya Uongo

Tunayemsindikiza leo, nchi nzima ilimjua kwa jina la Balozi. Nyumbani alikuwa Dada Mkubwa tu. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa kwanza wa baba fundi saa na mama mshonaji, katika vyumba viwili nyuma ya duka la baba.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, ambako mdomo wake ulimletea adhabu nyingi kuliko zawadi. Mwalimu mkuu aliandika kwenye ripoti: "Ana akili, lakini anauliza mno." Baba aliisoma, akacheka, akaitundika dukani wateja waione. Mwaka 1971 alihitimu shahada ya sheria, na mwaka uliofuata akaajiriwa Wizara ya Mambo ya Nje.

Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa na mwalimu wa fizikia. Siku Mwalimu alipomposa, Dada alimuuliza, "Kabla yangu umewaposa wangapi?"

"Wawili," Mwalimu akajibu bila kupepesa macho. "Wote walinikataa."

Dada akaangua kicheko. "Basi wewe nitakuweza. Husemi uongo hata pale ambapo ungekufaa."

Kazini alipanda ngazi taratibu, na mwaka 1993 akateuliwa kuwa balozi kwenye baraza la nchi za kanda yetu. Mwaka uliofuata Rais wa wakati ule alishindwa uchaguzi, akafuta matokeo, akajaza askari barabarani. Baraza lilipoitwa kuamua kama litamtambua, Waziri alimpigia Balozi simu.

"Hotuba tumekutumia. Utawaambia wananchi wenyewe wamemwomba Rais abaki."

"Wananchi gani, Mheshimiwa?"

"Balozi, usiniletee mzaha. Kumbuka mume na watoto wako wako huku."

Papo hapo akampigia mumewe. Mwalimu akasema, "Mke wangu, sisi tunahamia kwa mdogo wako sasa hivi. Wewe sema. Na usisahau miwani, maana usipoona vizuri unakunja uso kama mtu anayetafuta ugomvi."

Kesho yake alisimama ukumbini, akaiweka ile hotuba kando. "Nimeagizwa nije niwadanganye," alisema. "Nchi yangu ilipiga kura. Rais alishindwa, na hataki kutoka. Aliyenituma hapa ni mpiga kura, na kwa niaba yake nawaomba msimtambue."  Wajumbe wakaanza kusimama mmoja mmoja wakipiga makofi, na baraza likakataa kumtambua Rais.

Balozi alifukuzwa kazi, pasipoti yake ikafutwa. Mwalimu alifungwa miezi saba. Huko ugenini Dada akapanga chumba juu ya duka la dobi, akawa anatafsiri nyaraka ili ale, na muda uliobaki anabisha hodi kwenye ofisi za mabalozi kuitetea nchi yake. Mwanadiplomasia mmoja, rafiki yake, alimshauri aongeze idadi ya waliouawa na askari ili dunia ishtuke. Alikataa katakata. "Nikidanganya kwa ajili ya haki, nitakuwa na tofauti gani na aliyenifukuza? Waliokufa wanatosha."

Msimamo huo ndio uliotuokoa. Majenerali waliomlinda Rais, walipochoshwa na vikwazo tulivyowekewa na nchi za kanda, walikubali kuzungumza, kwa sharti kwamba mjumbe awe yeye. "Tulimchukia," mmoja wao alikiri baadaye, "lakini hakuwahi kutudanganya." Walipotaka uchaguzi urudiwe, aliwaambia, "Kura zimeshahesabiwa. Hapa tunazungumza Rais anaondokaje, si kama anaondoka."

Tarehe 2 Novemba 1995 Rais alipanda ndege, na aliyechaguliwa akaapishwa. Watu walifurika barabarani hadi madereva wakaacha magari palepale yaliposimama, wakacheza juu ya boneti. Balozi aliporudi, Mwalimu alimpokea uwanja wa ndege akiwa amebaki mifupa mitupu, akamwangalia mkewe juu hadi chini, akasema, "Wewe nawe umekonda. Kwani huko kwa dobi hawali?" Wakakumbatiana, wakacheka na kulia kwa pamoja.

Rais mpya alimwomba awe Waziri wa Mambo ya Nje. Dada akamuuliza mbele ya watu, "Muda wako ukiisha, utaondoka?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka, alisubiri jibu.

"Nitaondoka," Rais akasema, na Dada akakubali uwaziri.

Muda ulipoisha, Rais aliondoka kweli. Leo yumo humu, safu ya tatu, na amekuja akiendesha gari lake mwenyewe.

Mwaka 2019 figo zilianza kumsumbua Balozi. Daktari alipojaribu kumpoza kwa maneno matamu, alimwambia, "Mwanangu, mimi nimekaa meza moja na waongo waliobobea. Wewe hujui kudanganya. Sema tu." Mei mwaka huu, 2024, alikwenda kupiga kura kwa kiti cha magurudumu. Chama alichokichagua kilishindwa. Alipomwona mgombea wake kwenye televisheni akimpongeza mshindi, alipiga makofi. "Tumeshindwa," alimwambia Mwalimu, uso umemchanua, "na hakuna askari hata mmoja barabarani!" Alifariki tarehe 9 Juni, nyumbani, Mwalimu akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti muuguzi, mwana mpima ardhi, wajukuu wanne, na mdogo wake anayewasomea maneno haya. Dada Mkubwa, umeondoka ukiwa mshindi. Lala kwa amani, nchi uliyoipigania iko macho.