Utambi wa Pamba Mbichi

Limi, niinue kidogo. Januari, kaa hapa karibu yangu, na shemeji Mihayo, kaka wa baba yenu, abaki hapo mlangoni asikie, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kusema mara mbili.

Wanangu, baba yenu Marselino alifia shimoni kule Geita, na mmekua mkiambiwa kwamba Jilala, aliyeshika kamba juu, alizembea kumvuta. Ndiyo maana mkikutana naye hamumwamkii. Si kweli.

Mishumaa ya shimoni niliitengeneza mimi, kwa nta ya nyuki na utambi wa pamba ya kwetu Kishapu. Mchimbaji hushuka na mshumaa kwa sababu hewa ikiharibika moto hufa kabla ya mtu; ukizimika haulizi, anapanda. Masika ile, Januari, ulikuwa na homa, nikasokota pamba ambayo haijakauka, mishumaa ikawa inazimika hovyo, na wanaume wakanitania wiki nzima. Basi siku ile mshumaa ulipozimika, baba yenu alicheka huko chini, akasema, "Jilala, ni utambi wa Mama Limi tu huo, ngoja niuwashe." Hakuuwasha.

Jilala alishuka gizani akamtoa amembeba mgongoni, keshakufa, na Jilala mwenyewe akalala siku nzima hajitambui. Maneno hayo ya baba yenu aliniambia mimi peke yangu. Msibani walipomuuliza, alinitazama nilivyokupakata, Januari, akasema, "Nilichelewa kuvuta." Nikanyamaza. Miaka tisa nimenyamaza, wachimbaji wakimkataa, na yeye kila mavuno akituachia kikapu cha mtama nyuma ya nyumba, kisha anaondoka msimwone. Mficha maradhi kifo humuumbua, na changu ndicho hiki kimefika.

Shemeji, usinijibu, kawaambie ukweli wale uliowaambia kwamba Jilala alizembea. Nyumba hii ni ya watoto. Ng'ombe mweupe mpeni Jilala, na msimwite malipo, maana hakuna malipo ya jambo hilo. Limi, ukisokota utambi, pamba ipigwe jua siku tatu, hata kama mtoto analia... hapana, mbebe kwanza mtoto. Pamba itangoja.

Mungu awaweke pamoja, mle chungu kimoja.

Nimesikia kikapu kikitua huko nyuma. Ni yeye. Limi, nenda upesi, piga goti, mwambie shikamoo. Acha mlango wazi, mwanangu... nataka kumsikia akiitika.